Kabla ya Kukubali Sindano za Umeme, Jua Ubongo Wako Utafanya Nini

Maumivu ya mgongo yakishatimiza mwaka, mtu husikiliza ushauri wa kila mtu. Jirani anamweleza kuhusu kliniki ya Kichina inayochoma sindano na kuziunganisha na mashine. Binamu anaapa kwamba mtu fulani aliingia humo amejikunja, akatoka anatembea wima. Shangazi naye anaonya kuwa umeme huo unaunguza ubongo. Mgonjwa anabaki njia panda, na mwishowe anamfuata aliyesema mwisho.

Msomaji mwenye maumivu ya muda mrefu anastahili msingi bora kuliko huo. Akupancha ya umeme, yaani hiyo tiba ya sindano zilizounganishwa na mashine, imechunguzwa kwa zaidi ya nusu karne, na uchunguzi mwingi umelenga swali moja: sindano ikiwa mguuni au mkononi, seli za neva zilizo ubongoni zinafanya nini? Majibu yaliyopatikana yana manufaa hata kwa mtu asiyewahi kuingia maabara. Ukiujua mwenendo wa seli hizo, utajua la kumuuliza mtoa tiba, la kukataa, na wakati wa kuacha.

Umeme haupandi kichwani

Tuanze na hofu ya shangazi. Katika tiba hii sindano nyembamba za chuma huchomwa kwenye ngozi na misuli, kwa kawaida mbili mbili, na kila jozi hubanwa kwa waya zinazotoka kwenye mashine ndogo ya betri. Mashine hupeleka mapigo mafupi ya umeme wa miliampia chache tu, nao hupita kati ya sindano moja na mwenzake. Kinachofika ubongoni ni ujumbe: ncha za mishipa ya fahamu zilizo karibu na sindano huamshwa, nazo hupeleka taarifa zake zenyewe kwenye uti wa mgongo na kupanda juu, kama zinavyofanya unapobanwa au unapokandwa. Tiba hii haihusiani kabisa na ile ya hospitali za magonjwa ya akili ambamo umeme hupitishwa kichwani mgonjwa akiwa amelazwa usingizi.

Kwamba mishipa ya fahamu ndiyo inayobeba kazi hii kulidhihirika mapema. Mwaka 1965 Han Jisheng, mwanafiziolojia wa Beijing, alianza kupima kizingiti cha maumivu cha watu waliojitolea, yaani kiasi cha kichocheo kinachohitajika mpaka mtu aseme anaumia. Sindano ilipochomwa kwenye nukta ya Hegu, kati ya kidole gumba na cha shahada, kizingiti kilipanda polepole na kufikia kilele baada ya takriban nusu saa. Ilipochomolewa, nafuu ilishuka kidogo kidogo, ikipungua kwa nusu kila dakika 16 hivi. Nukta ile ilipotiwa kwanza dawa ya ganzi, sindano haikufanya lolote. Kadhalika kwa waliopooza upande mmoja, sindano kwenye kiungo kilichokosa hisia haikuleta nafuu.

Hapo pana mashauri mawili. Kwanza, uliza kikao kinachukua muda gani. Ubongo unahitaji muda wa kuitika, na ndiyo maana vikao vya kawaida huchukua dakika 20 hadi 30. Anayekutoza fedha kwa dakika tano hajakupa tiba iliyochunguzwa. Pili, ikiwa una kisukari na nyayo zimekufa ganzi, au kiharusi kimekuondolea hisia mkononi, sema kabla hujalala kitandani. Sindano mahali pasipohisi huenda isifanye kazi, na wewe hutaweza kujua kama umeme umezidi.

Dawa ambayo ubongo hujitengenezea

Nafuu inayopanda polepole na kushuka polepole iliwafanya watafiti washuku kwamba kuna kemikali inayomwagwa ndani ya mwili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi la Han lilichukua majimaji yanayouzunguka ubongo kutoka kwa sungura waliotibiwa kwa sindano, likawatia sungura ambao hawakuguswa. Hao wa pili nao walianza kustahimili maumivu zaidi.

Kemikali zenyewe zilianza kupata majina mwaka 1975, wakati John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskoti, walipotambua enkefalini, kemikali ya ubongo inayoshika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na mofini. Baadaye ziliongezeka endofini na dainofini. Muda si mrefu watafiti wa Toronto walionyesha kwa panya, na wengine wa Marekani wakaonyesha kwa watu mwaka 1977, kwamba nalokisoni, dawa inayozuia vipokezi hivyo, inaiondoa nafuu iliyoletwa na sindano. Ikiwa kizuizi cha mofini kinaizima tiba, basi sehemu ya tiba hiyo inapitia njia za mofini ya mwili wenyewe.

Njia hizo zimefuatiliwa kwa wanyama hatua kwa hatua. Ujumbe ukishapanda, seli za haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, huongeza kazi yake. Nazo huamsha seli zilizo katikati ya shina la ubongo, ambazo hupeleka amri ya kurudi chini hadi kwenye uti wa mgongo. Huko, kwa msaada wa kemikali kama serotonini na noradrenalini, seli zinazopokea habari za maumivu hutulizwa kabla habari hazijapandishwa. Ina maana kwamba goti au mgongo wako bado una hitilafu yake. Kilichobadilika ni jinsi taarifa ya hitilafu hiyo inavyopokelewa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa, nao ninausisitiza kuliko mingine yote, ni huu: pata utambuzi wa ugonjwa kwanza. Tiba inayotuliza habari za maumivu inaweza kuficha kinachozisababisha. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia haja, ganzi sehemu za siri, homa, kukonda bila sababu, au yaliyokuja baada ya ajali, hayaendi kwenye sindano. Yanakwenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo maumivu ya kifua, na kichwa kilichouma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa. Na ikiwa unatumia dawa za jamii ya mofini, au zile zinazozuia mofini, mweleze mtoa tiba na daktari wako, kwa kuwa zinagusa vipokezi hivyohivyo.

Kila mdundo una seli zake

Ubora wa umeme kuliko kuzungusha sindano kwa vidole ni kwamba unapimika. Mtaalamu anaweza kuchagua idadi ya mapigo kwa sekunde, inayoitwa hezi, na hapo ndipo matokeo ya kuvutia zaidi yalipopatikana. Kama ngomani, ambako mdundo mmoja huwainua wazee na mwingine huwainua vijana, mapigo ya polepole na ya kasi hayaziinui seli zilezile. Mapigo 2 kwa sekunde huchochea hasa enkefalini na endofini. Mapigo 100 kwa sekunde huchochea dainofini. Mwaka 1991 kundi la Han lilipima majimaji ya uti wa mgongo ya wagonjwa na kuona tofauti hiyo kwa binadamu pia. Mashine ikibadilisha kasi hizo mbili kwa zamu, kila baada ya sekunde chache, kemikali za aina zote mbili hupatikana na nafuu huwa kubwa zaidi.

Muulize basi anayekutibu: "Unatumia hezi ngapi, na kwa nini?" Huhitaji kuwa mtaalamu ili kupima jibu. Mwenye ujuzi ataeleza bila kukasirika: mapigo ya polepole, ya kasi, au ya kupokezana, kulingana na tatizo lako. Asiyejua mashine yake imewekwa kasi gani anabahatisha kwa mwili wako.

Ugunduzi huo una faida nyingine kwa anayeogopa sindano. Kasi zilezile zikipitishwa kwa vibandiko juu ya ngozi huleta nafuu inayokaribiana na ya sindano. Idara nyingi za fizioterapia zina mashine za vibandiko. Kama hofu ya sindano au ya maambukizi inakunyima usingizi, anza na hizo.

Zaidi si bora

Wagonjwa wengi hudhani umeme ukiuma ndipo unapofanya kazi, na wapo watoa tiba wanaowaunga mkono. Ubongo unasema vingine. Mwaka 2000 Kathleen Hui na wenzake wa Boston walichunguza ubongo wa watu kwa mashine za picha wakati sindano ya kawaida ikizungushwa kwenye nukta ya Hegu. Waliohisi uzito, mvuto na ganzi, hisia ambayo Wachina huiita deqi, shughuli zilipungua katika sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na hofu na hisia, ikiwemo amigdala. Wachache waliohisi maumivu makali, shughuli katika sehemu hizo ziliongezeka. Sindano ileile, nukta ileile, jibu la ubongo likageuka.

Kwa umeme, kanuni ni kupandisha mkondo kutoka sifuri, taratibu, mpaka uhisi mpwito wenye nguvu lakini unaostahimilika. Misuli kucheza kidogo ni kawaida. Ukihisi kuchomwa au kukatwa, sema palepale. Kunyamaza kwa adabu au kwa ujasiri hakukusaidii, kwa sababu seli zinazotakiwa kutulia ndizo unazozitia fadhaa.

Nguvu, mahali na wakati vyote vina uzito. Kundi la Ma Qiufu, aliyekuwa Harvard wakati huo, lilionyesha hilo kwa panya. Mwaka 2021 lilieleza kwamba umeme hafifu wa nusu miliampia kwenye mguu wa nyuma, karibu na goti, huamsha kundi maalumu la mishipa ya fahamu, ambayo kupitia ubongo na neva ya vagasi huifanya tezi ya adrenali itoe kemikali za kupunguza uvimbe. Umeme uleule tumboni haukuiamsha njia hiyo, kwa kuwa mishipa ya aina hiyo ni haba huko. Mwaka mmoja kabla, kundi hilohilo lilikuwa limeona kwamba umeme mkali tumboni ulisaidia panya walioupata kabla ya ugonjwa, lakini ukawadhuru walioupata ugonjwa ukiwa umeshika kasi. Panya si watu, na hakuna daktari anayepaswa kukutibu homa kali kwa mashine hii. Hata hivyo funzo lake linatuhusu: umeme si kitu cha kupachikwa popote, kwa nguvu yoyote, wakati wowote. Mtu akikuambia "hata ukikosea hauna madhara", usimwamini.

Vikao vingi mfululizo navyo vina kikomo. Wanyama waliopewa umeme kwa saa nyingi bila kupumzika waliacha kuitika, kwa sababu ubongo wao ulitoa kemikali nyingine, kolesistokinini, inayopinga kazi ya endofini. Mwili huuzoea umeme kama unavyoizoea mofini. Ndiyo sababu vikao huachanishwa, mara moja hadi tatu kwa wiki. Anayekutaka uje asubuhi na jioni kila siku anaongeza mapato yake, haongezi endofini zako.

Je, si imani tu?

Swali hili ni la haki na linataka jibu la haki. Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya mgongo, wakitumia sindano zisizo na umeme. Waliochomwa kwenye nukta za jadi, asilimia 47.6 walipata nafuu. Waliochomwa juujuu mahali pasipo nukta, asilimia 44.2. Waliopata dawa na mazoezi ya kawaida, asilimia 27.4. Sindano ziliishinda huduma ya kawaida, lakini nukta halisi hazikuzishinda zile za bandia kwa tofauti yenye maana. Sehemu kubwa ya nafuu basi ilitokana na kuchomwa kwenyewe, kuhudumiwa na kutumaini.

Kutumaini nako ni kazi ya seli za neva. Mtu akitarajia nafuu, ubongo humwaga endofini zake. Lakini mambo hayaishii hapo. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wagonjwa 80 wenye ganzi na maumivu ya mkono yanayosababishwa na neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono, ugonjwa unaowapata sana washonaji na wanaoshinda kwenye kompyuta. Makundi yote, pamoja na lililopewa umeme wa uongo, yalisema yana nafuu. Vipimo ndivyo vilivyotofautisha: kwa waliopata umeme wa kweli, neva ilipitisha ujumbe kwa kasi zaidi, na katika sehemu ya ubongo inayohisi mkono, maeneo ya kidole cha shahada na cha kati, ambayo ugonjwa ulikuwa umeyachanganya, yalianza kutengana tena. Waliotengana vizuri zaidi ndio waliobaki na nafuu miezi 3 baadaye. Hapo umeme ulifanya kitu ambacho hisia za mgonjwa peke yake hazikuweza kukionyesha.

Pima ahadi za kliniki kwa mizani hiyo. Ushahidi ni wa kuridhisha kwa baadhi ya maumivu sugu. Utafiti wa New York wa mwaka 2021 kwa watu 360 waliowahi kuugua saratani ulionyesha kwamba akupancha ya umeme ilipunguza maumivu yao ya misuli na viungo zaidi ya huduma ya kawaida. Nchini China, wanawake 504 wanaovujwa na mkojo wanapokohoa au kunyanyua mzigo walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Waliopata vikao 18 kwa wiki 6 walipungua kuvuja kuliko waliopata vya bandia. Lakini bango linaloahidi kuponya kisukari, kifafa, utasa, presha na kiharusi kwa mashine moja halina utafiti wa kusimama nao. Usiache insulini, dawa za kifafa, za presha wala ARV kwa sababu ya sindano. Matokeo ya kuziacha ni mabaya, na mengine hayarekebishiki.

Mficha maradhi

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kabla ya kikao, taja bila kuulizwa kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifafa, ujauzito, saratani, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kifaa cha moyo asiwekewe umeme huu bila idhini ya daktari wake wa moyo. Mkondo usipitishwe kifuani kutoka upande mmoja hadi mwingine, wala mbele ya shingo. Sindano ndefu mgongoni juu au kifuani zikichomwa ovyo huweza kutoboa pafu. Ukipata kichomi au kukosa pumzi baada ya kikao, nenda hospitali mara moja.

Sindano ziwe mpya, zifunguliwe mbele ya macho yako, zitupwe kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI vinaambukizwa kwa sindano iliyorudiwa, na kusema kwamba imechemshwa si utetezi. Kula kidogo kabla ya kwenda, kwani wengine huzirai. Baada ya kikao pumzika kabla ya kupanda bodaboda. Na kamwe usikubali mashine ya kuchomekwa ukutani iliyoundwa mtaani. Umeme wa nyumbani unaua.

Kwa Watanzania tiba hii si ngeni: madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964 na Bara tangu 1968. Lakini kupachika neno "Kichina" mlangoni si leseni. Tanzania Bara ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Omba kuona cheti cha usajili cha mtoa tiba na cha kituo. Uliko kwingineko, wizara ya afya itakuelekeza kwa msimamizi wa huko.

Weka kipimo, kisha utumie nafasi

Kabla ya kikao cha kwanza, andika daftarini mambo matatu: maumivu yako kwa alama kati ya 0 na 10, saa unazolala, na kazi moja au mbili ambazo maumivu yamekunyang'anya, kama kuinama kufua au kupanda ngazi. Andika tena kila wiki. Kumbukumbu peke yake hudanganya, hasa mtu akiwa amelipa. Patana na mtoa tiba tangu mwanzo kwamba baada ya vikao sita mtafungua daftari pamoja. Kama hakuna kazi hata moja iliyorudi, acha bila aibu, na fedha zilizobaki zipeleke kwa daktari au fizioterapia.

Kama kuna nafuu, usiilalie. Saa zinazofuata kikao, habari za maumivu zikiwa zimetulizwa, ndizo saa za kufanya mazoezi uliyoelekezwa, kutembea, kunyoosha mgongo, kurudia ile kazi uliyoiogopa. Ubongo uliozoea kwamba kuinama ni hatari hujifunza upya kwa kuinama salama, na mashine haiwezi kuinama kwa niaba yako. Mpangilio wa kikao na mazoezi upange na mtaalamu wako wa fizioterapia kabla hujalipia kikao cha kwanza, ili kila nafuu utakayoipata ikute kazi ikiisubiri.